Mkono wa Kushoto wa Binti Fisi

Mmekaa?
—Tumekaa!
Aliyesinzia?
—Mfinye!
Haya, mfinyeni, maana leo kuna meno.

Hapo kale Nesi Kanga, yule ndege wa madoadoa, alifika kijijini na kisanduku chake cha barafu. "Nimeleta chanjo ya mabinti," akasema. "Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Mkono utauma, pengine homa kidogo, basi."

Mama Pimbi, mdogo kama kiatu, akamsogeza binti yake Kibibi mbele. Dada yake Pimbi alikufa kwa ugonjwa huohuo, na Fisi akamfukua kaburini akamla. Tangu hapo Pimbi akimtazama Kibibi, humwona dadaye.

Ndu! Ndu! Ndu! Fisi huyoo, akajibwaga mbele ya kisanduku.

"Mmesikia? Mlango! Mlango hufanywa nini? Hufungwa! Mabinti zenu hawatazaa!"

"Nimesema inakinga," akasema Kanga. "Sikusema inafunga."

"Inafunga! Na atakayemchanja bintiye, nitamtafuna mfupa kwa mfupa."

Eti Fisi ana uchungu na vizazi vya watu! Uchungu wake ni tumbo tu. Wazima hawazikwi, naye anakula wanaozikwa.

Akina mama wakarudi nyuma. Barafu ikayeyuka, to, to, to. Ikiisha, chanjo imeharibika, na Kanga hana nyingine.

Pimbi aliogopa. Lakini alikuwa akimwangalia Mashavu, binti wa Fisi, aliyesimama nyuma ya babake. Mbona leo kabeba mtungi bega la kulia, na siku zote hubeba la kushoto? Nikikosea naliwa, akawaza.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Umesema kweli tupu! Tuilaani chanjo hii. Mabinti wote ambao hawajachanjwa wanyanyue mkono wa kushoto, juu kabisa!"

"Marahaba! Huyu ndiye mwenye akili," Fisi akachekelea. "Nyanyueni!"

Mikono ikapanda. Mashavu akatua mtungi, akanyanyua wa kulia.

"Wa kushoto, mwanangu," akasema Pimbi.

To, to, to.

"Wa kushoto," Pimbi akarudia.

Mashavu akajaribu. "Uwiii! Baba, pale nilipochomwa chanjo asubuhi, uliponipeleka zahanati, panauma!"

Lo! Uwanja mzima ukamgeukia Fisi.

"Mzee," akauliza Pimbi, "mlango wa bintiyo umefungwa kwa kufuli gani?"

Fisi akatazama chini. "Ninaye huyu mmoja tu," akasema polepole.

"Na mimi pia. Hebu sogea."

Akasogea. Akina mama wakapanga foleni, wakisukumana. Kibibi akachomwa, chwi! Akakunja uso, kisha akaomba uji.

Funzo mmelipata? Ukitaka kutangaza uongo uwanjani, binti mwache nyumbani.

Haya, mdomo wangu nimeufunga.
—Na mlango?
Umekingwa!