Somo wa Binti Mwanakheri

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini bali hii ya karibuni, ambapo mashine za kufulia zimekwisha kuingia majumbani, aliishi Tanga mwanamke aitwaye Mwanakheri. Alikuwa ndani ya arubaini ya uzazi. Mumewe, Shomari, kwa kumhurumia na ufuaji wa nepi, alimnunulia mashine, akaifunga mwenyewe bafuni, ukuta mmoja na chumba cha mzazi.

Asubuhi moja, Shomari yuko kazini, Mwanakheri akasinzia. Mpira wa maji ukavuja kwenye koki. Maji yakapita chini ya mlango, yakaelekea godoro la mtoto lililokuwa sakafuni, na kando yake waya wa umeme.

Wifi yake, Tabu, akikoroga uji, alisikia mchirizi. Akazima umeme, akamnyakua mtoto, ndipo akafunga koki. Mwanakheri alipoamka, alimpapasa mwanawe: mkavu. Akashukuru hadi sauti ikamkauka.

Walipofungua mpira, waliona raba ya ndani imepasuka. Jirani yao, Zaina, akaichomoa raba ya mashine yake, akawapa. "Nguo zangu nitafua kwa mikono," alisema. "Mimi sina kichanga."

Raba ikatiwa, mpira ukarudishwa, na bado koki ikadondosha. Shoga yake Mwanakheri, Mwanaidi, aliyeleta supu, akapitisha kidole pale kiungo kilipoingia kwenye koki.

"Shemeji kazungusha utepe wa kuzibia maji kinyume," alisema. "Kila akikaza, unafumuka."

Akafunga maji, akafungua kiungo, akaubandua, akaondoa mabaki, akazungusha mwingine kuelekea upande wa kukazia. Akakaza kwa mkono, kisha kidogo tu kwa spana. "Ukikaza kwa hasira, plastiki inapasuka." Akafungua maji, akafuta kiungo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikabaki kikavu.

Mwanakheri akasema, "Sina cha kuwalipa ila jina. Mwanangu hajapewa jina. Mmoja wenu awe somo wake."

Na somo ni mmoja: mtoto hubeba jina lake, naye humlea kwa nasaha mpaka siku ya kuolewa.

"Ni mimi," alisema Tabu. "Bila mimi mngekuwa mnatafuta sanda, si jina."

"Mtoto aitwe Tabu?" Zaina alicheka. "Mwonee huruma, mwenzangu. Wewe ulitoa mbio, Mwanaidi katoa mikono. Mimi nimetoa changu, na hadi sasa mashine yangu imekaa bure."

"Jina langu ni Tabu, lakini nyumba hii nimeitoa tabuni."

Mwanaidi alisema taratibu, "Mwenzangu kaokoa leo. Raba yako, Zaina, ilitiwa na maji yakadondoka vilevile. Mimi nimewapa kesho na keshokutwa."

Mwanakheri aliwatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani, akaona kila mmoja amesema kweli, na kumshukuru mmoja kwa jina ni kuwanyima wawili.

Enyi mnaosikiliza, mwana yu mmoja na jina ni moja. Je, nani alistahili kuwa somo wake?