Fundi Aliyetoa Damu kwa Mpango

Bwana asifiwe, vijana. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo nataka mjue habari za fundi mmoja. Ni mfano tu, msije mkaenda kumtafuta mtaani.

Fundi huyu tumwite Zefania. Mambo haya yalipoanza alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuo cha ufundi anajifunza kuchomelea mageti. Siku moja wakaja pale chuoni watu wa kukusanya damu. Wanafunzi wengi wakakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kufua. Mnacheka? Ninyi msingekimbia? Zefania alibaki, na tuseme ukweli, alibaki kwa sababu aliona kreti za soda.

Akalala, akatoa damu, akapewa soda na biskuti. Alipoinuka aondoke, nesi mmoja, mama wa makamo, akamwuliza, "Mwanangu, utarudi lini?"

"Nirudi tena? Si nimeshatoa?"

"Umetoa, na Mungu akubariki. Ila watu hutujia ikitokea ajali ya basi. Wanajaa mpaka barazani, wiki ikiisha hatuwaoni tena. Mimi natafuta mtu wa kuja Jumanne ya kawaida, siku ambayo hakuna kilichotokea."

Maneno yale yakamkaa. Baada ya siku chache akamwambia rafiki yake Hango, ambaye walikuwa wakilala chumba kimoja bwenini, "Nimepanga. Kila baada ya miezi mitatu nitatoa damu, mpaka nifike umri ambao watanikataa wenyewe."

Hango akacheka. "Yaani umejipangia mpaka uzee! Mimi yangu naitunza. Ndugu au rafiki akiihitaji, niite saa yoyote, nitakuja."

Naomba msimhukumu Hango. Alisema alichokiamini, na alimaanisha. Tena ni wangapi humu ndani tumesema maneno kama yake? Nikipata kazi nzuri nitatoa. Nikimaliza kujenga nitatoa. Likitokea la kutokea, mtaniona.

Basi Zefania akamaliza chuo, akafungua karakana yake karibu na soko. Miezi mitatu ikitimia anafunga mlango asubuhi, anakwenda hospitali, anatoa, anarudi kazini. Na mpango ule ukaanza kumlea yeye mwenyewe. Harusini wenzake wakiongeza chupa, yeye anaomba maji. Akajizoeza kula maharage na majani ya kunde, akajifunza kulala mapema. Kuna mara mbili walimkataa, mara ya kwanza alikuwa na malaria, ya pili damu imepungua, akarudi nyumbani amenuna. Akasubiri apone, akaenda tena. Miaka kumi na miwili hivyo! Akitoka pale hospitali alikuwa anapiga mluzi njia nzima, na ukimwuliza kwa nini, hakuweza kukueleza vizuri.

Sasa sikilizeni. Siku moja mchana yuko kazini, simu ikalia. Ni Zilpa, mdogo wake. "Kaka, njoo hospitali. Mama ametapika damu."

Vilikuwa vidonda vya tumbo. Daktari akasema mama anahitaji kuongezewa damu leo hii, na jokofu halina ya kundi lake. Jana yake kulikuwa na ajali, ikaisha yote. Zefania akakunja mkono wa shati. "Chukueni yangu, kundi letu ni moja."

"Ulitoa lini mara ya mwisho?"

"Siku kumi na moja zilizopita."

Nesi akatikisa kichwa. "Tukikutoa damu tena tutakuwa na wagonjwa wawili."

Zilpa, ambaye asingeweza kutoa kwa kuwa alikuwa ananyonyesha, alimgeukia kaka yake na machozi yanamtoka. "Miaka yote unawapa watu usiowajua hata majina. Leo mama yako amelala pale, na huna cha kumpa!"

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Zefania akatoa simu. Akampigia Hango.

Na Hango alikuja! Aliacha duka lake wazi, akafika anahema. Wakampima. Nesi akamwambia kwa upole, "Kaka yangu, una malaria. Hatuwezi kuichukua." Hango akakaa kwenye benchi akalia mbele za watu. "Nimeitunza yote hii kwa ajili ya siku kama ya leo," alisema.

Alikosa moyo, huyu? Hakukosa hata kidogo.

Saa kumi alasiri likaingia gari la wagonjwa kutoka wilaya ya jirani, limebeba sanduku la baridi, ndani mna chupa moja ya damu. Mama akawekewa. Kesho yake mchana akaomba uji, tena akalalamika kwamba hauna sukari. Zefania akamwuliza nesi, "Ni nani aliyetoa hii damu, nikamshukuru?"

"Hatumjui. Alitoa wiki mbili zilizopita. Siku hiyo mama yako alikuwa mzima kabisa nyumbani kwake."

Zilpa, aliyekaa kitandani kwa mama, akasema, "Basi kaka, umejifunza. Kuanzia leo itunze damu yako kwa ajili yetu."

Mama akaweka kijiko chini. "Zilpa, mwanangu. Kama mama wa yule aliyetoa angemwambia mwanawe maneno hayo, sasa hivi mngekuwa mnachanga fedha za msiba wangu."

Miezi mitatu ilipotimia, Zefania alikwenda kutoa kama kawaida, na safari hii Hango alikuwa mbele yake kwenye foleni. Mwaka uliofuata Zilpa alimwachisha mtoto ziwa, naye akaja.

Vijana wangu, sisi tunadhani wema ni kusubiri shida itupigie simu, kisha tukimbie. Tukimbie, ndiyo. Lakini kilichomwokoa mama yule kilitolewa kabla hajaugua, na mtu aliyekuwa ameamua mapema. Na hapa sisemi damu peke yake. Kuna mtoto atakayekosa daftari mwakani, na kuna mjane ambaye bati lake litang'olewa na upepo wa mwezi ujao. Leo hawajui, nasi hatuwajui. Je, tutakuwa tumewaandalia nini?

Usiniambie huna kitu. Zefania alianza na mkono mmoja na tamaa ya soda. Wewe una miaka ishirini. Chagua kitu kidogo unachokiweza, useme utakitoa mara ngapi na mpaka lini, kisha acha mpango huo ukukuze.

Sitaki mniitikie amina. Mgeukie aliyekaa kando yako, umwambie utatoa nini, na unaanza siku gani. Haya, nasubiri.