Udongo Uliohama

“Na kikikataa kurudi?”

Sekela aliuliza hivyo mbele ya kijiji kizima, udongo ukiwa bado umemganda hadi viwikoni. Wafinyanzi wenzake waliinamia kazi. Wanaume walimtazama Jumbe Mwakibete. Jumbe akakohoa kidogo, akaanzisha habari nyingine, kana kwamba aliyesema ni mbuzi.

Enzi hizo, enyi mnaonisikiliza, ardhi haikuwa na vigae. Ungelima kutwa nzima usikute hata kimoja, kwa sababu vyungu vilikaushwa kwa jua tu. Vilitiwa ulezi na kunde, basi. Ukitia maji, chungu kinakulegea mikononi. Lakini kikipasuka hakuna aliyesikitika. Kililowekwa kikawa tope, na kesho yake kikawa chungu tena.

Neno lao kwa mambo hayo lilikuwa moja: kugeuka. Tope likikauka, limegeuka. Samli ikiganda kwa baridi, imegeuka. Maziwa yakichacha yamegeuka, na kuni zikiwa majivu nazo zimegeuka. Neno moja lilibebeshwa mizigo miwili, na hakuna aliyejali, maana hadi siku hizo halikuwa limemdhuru mtu.

Kisha ghala moja likaungua. Ndani ya majivu kikaokotwa chungu chekundu, ukikigonga kinalia ngo! na ukikijaza maji hakilegei. Habari zikapanda milimani. Watu wa huko wakatuma ujumbe: tufinyangieni sitini vya namna hiyo, vya maji, nasi tutashuka na ulezi kabla ya mvua. Mwaka ule nzige walikuwa wamepita bondeni wakala hadi majani ya paa. Bila ulezi wa milimani, watoto wasingefika mavuno.

Na nani alipanga umbo la vyungu hivyo? Jumbe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuosha hata bakuli. Aliamuru shingo iwe nyembamba na mdomo uwe wa vidole vitatu, ili chungu kipendeze kama korongo. Wafinyanzi, wote wanawake, waliona kosa palepale. Wakaendelea kukanda udongo.

“Jumbe, kata ya kuchotea itapita wapi?” Sekela alisema. “Na mkono wa kuosha?”

“Binti, wewe unauza vyungu au unauza maneno?”

“Vyungu, Jumbe. Ndiyo maana nauliza.”

Bibi yake, Tupokigwe, alimfinya paja. “Mjukuu wangu, funga kinywa.”

“Tuchome kwanza,” alisema Jumbe. “Wasipovipenda tutaviloweka. Chungu kikigeuka kinarudi, hilo hata kuku analijua.”

Hapo ndipo lilipomtoka Sekela lile swali la mwanzo.

Wakafinyanga sitini, wakachoma thelathini kwanza. Vikatoka vyekundu, vinalia vizuri. Siku ya tatu akashuka mjumbe wa milimani, mama mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Sigwava. Akashika chungu, akajaribu kuingiza mkono, vidole vikakwama penye vifundo. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

“Jamani, hiki ni cha kuwekea upepo? Sisi tunataka cha maji!”

Jumbe akaamuru vilowekwe mtoni. Siku ya kwanza, vyungu. Siku ya tatu, vyungu. Siku ya saba vilitolewa, vyungu vilevile, ila sasa vinang’aa. “Kumbe vilikwenda kuoga,” alisema Bibi Tupokigwe. Na mto, katika siku hizo saba, ulikuwa umejaa ukafunika shimo la udongo. Udongo pekee uliobaki kijijini ulikuwa ndani ya vyungu thelathini vibichi, navyo vyote vina shingo ya korongo.

“Chomeni na hivyo,” alisema Jumbe kwa sauti ya mtu aliyechoka. “Huenda watatuhurumia.”

Sekela hakubishana tena. Alileta beseni la maji, akatia kigae cha chungu chekundu na kingine cha chungu kibichi, kisha akasimama pembeni. Kabla ugali haujaiva jikoni, kile kibichi kilikuwa kimekaa chini kama mzee aliyechoka, kikawa tope. Kigae kilikuwa kigae.

“Huyu alikauka tu,” alisema, akigusa lile tope. “Maji yalimtoka, yakimrudia anarudi. Amegeuka sura, ila mwenyewe yumo. Huyu mwekundu moto umemhamisha. Rangi si yake, sauti si yake, ukimwita hasikii. Msiseme wote wawili wamegeuka. Mmoja amegeuka. Mwingine amehama.”

Jumbe alifungua kinywa. Lakini Bibi Tupokigwe alikuwa ameshainuka.

“Mimi niliona tangu mwanzo nikanyamaza,” alisema. “Leo sinyamazi.” Akanyanyua ndoo, akavimwagia maji vile vyungu vibichi, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho.

Udongo ulikuwa mchache, basi wakavunja vile vyekundu, wakavisaga na kuuchanganya unga wake humo ili uongezeke. Unga ule haukurudi kuwa tope, maana kusagwa ni kugeuka sura tu, na aliyehama hata akiwa unga bado amehama. Lakini uliupa udongo nguvu. Aliyesaga ni Jumbe mwenyewe, kajifunga kanga ya mkewe kiunoni, wanawake wakimtania naye akicheka. Vikapatikana arobaini, vina midomo mipana, vikachomwa. Sigwava akashuka tena, akatumbukiza mkono hadi kwenye kwapa, akapiga kigelegele. Ulezi ukashuka. Watoto wakafika mavuno.

Na tangu siku hiyo ukilima bonde lile jembe lako litagonga vigae, na udongo wa wafinyanzi huchanganywa na unga wa vyungu vilivyovunjika. Tangu siku hiyo pia, hakuna moto unaowashwa pale kabla mfinyanzi hajashika chungu kibichi, akakidondoshea maji, akasema: “Huyu bado anarudi. Nani ana neno?” Kisha husubiri, kijinga cha moto kikiwa mkononi, hadi kila aliyepo aseme lake, mkubwa kwa mdogo, mwenyeji na mgeni.

Ukipita bondeni watakuuliza na wewe. Tafadhali, wajibu.