Glavu za Kwenye Risala

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu, kama ninavyoharibu vyote.

Wafagiaji wa mji waliokota vipande vya chupa kwa mikono mitupu. Mwinchande, mwenyekiti wa chama chao, akaenda kuomba glavu.

"Serikali inabana matumizi, mzee," alisema Mkurugenzi Kapufi.

"Na hema jipya la kumpokea waziri?"

"Hayo ni maendeleo. Na risala mtakayomsomea niione kwanza, sitaki malalamiko."

"Na tukikushukuru, je?"

"Hapo umenena."

Mwinchande akaandika: tunashukuru kwa glavu jozi hamsini. Kapufi akacheka, akafuta hamsini, akaandika mia, akatia saini.

Siku ilipofika, risala ikasomwa. Waziri akapiga makofi.

"Hongera, mkurugenzi. Mbona wafagiaji wana mikono mitupu? Wazivae, tupige picha."

Kapufi akamkodolea Mwinchande macho.

"Kosa langu, mheshimiwa," alisema Mwinchande. "Ziko stoo, nimesahau kumwomba mkurugenzi ufunguo."

"Basi azilete, tutamngoja," alisema waziri.

Kapufi akatoka mbio, akaipita stoo, akaingia madukani. Alirudi anahema, glavu jozi mia kifuani.

"Mbona zina vibandiko vya bei?" akauliza waziri.

Mwinchande akainamisha kichwa. "Kosa langu tena, mheshimiwa. Sikuvibandua."