Profesa Aliyeogopa Kusema "Rudia"

Wapendwa, leo nina kisa cha profesa mmoja wa chuo kikuu, mama mtu mzima, heshima tele. Kazi yake maisha yote ilikuwa kutafiti namna ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu katika darasa moja na wenzake. Ni yeye aliyewafanya walimu wengi waache kumwita mtoto asiyesikia mjinga.

Basi masikio ya mama huyu nayo yakaanza kufifia. Daktari akamwambia, "Mama, vaa kifaa cha kusikilizia, na uwaambie wenzako kazini." Akakipokea, akakitia mkobani, kikakaa humo humo. Mnacheka? Mganga hajigangi. Mama wa watu alikuwa na hofu. Wakijua, nani atanisikiliza tena? Si watasema nimezeeka, nikapumzike? Kila kikao alikiingia akiwatazama wenzake. Wakicheka, anacheka. Wakitikisa kichwa, anatikisa.

Siku moja akawa mwenyekiti wa jopo. Mwanafunzi wake, dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kutetea utafiti wake. Profesa akauliza swali, dada akajibu, profesa asiambulie kitu. Angesema "rudia" tu, yakaisha. Hakulisema. Akainamia karatasi, akajifanya anaandika. Swali la pili, hivyo hivyo. Mwisho wenzake wakamgeukia yeye, maana wao walikuwa wa fani nyingine. Angesemaje? Akasema, "Majibu hayakuniridhisha." Nani ambishie? Dada akaambiwa ameshindwa, na matokeo yatatangazwa rasmi kesho yake asubuhi.

Dada akamfuata ofisini, macho mekundu. Akavuta kiti, akakaa mbele yake kabisa.

"Profesa, shikamoo. Nimekosea wapi?"

"Hukueleza vizuri, mwanangu."

"Nilieleza, Profesa. Sisi wanafunzi wako tunajua kwamba husikii. Tunajua tangu mwaka jana. Ndiyo maana leo kwenye jopo nilikaa karibu, nikakuelekea usoni, nikasema polepole, kama ulivyotufundisha tuwafanyie watoto. Nilikuwa nangoja uinue uso. Hukuinua."

Profesa alikuwa ameuona mdomo wa dada ukitamka kila neno, na safari hii alielewa yote.

Sisi je, wapendwa? Hapa tuna zamu ya kutembelea wagonjwa, tuna kamati ya kufariji wafiwa. Kubeba wenzetu tunajua. Kubebwa ndiko tunakoona haya. Mwenzako anakuuliza hapo nje, "Habari za nyumbani?" Unamjibu, "Nzuri tu," na nyumbani hakukaliki wiki nzima. Unadhani unajiumiza peke yako? Baba ameachishwa kazi, hataki kusema, anaondoka asubuhi na tai yake kama kawaida. Jioni anarudi na hasira, na kofi linampata mtoto ambaye hajui kosa lake. Hofu ya yule mama haikumfelisha yeye. Ilimfelisha yule dada.

Sasa mnataka kujua kama profesa alirudi kwenye jopo akasema ukweli. Mimi nimemwacha pale pale ofisini, hajafungua mdomo, na asubuhi haijafika. Usinijie baada ya ibada kuniuliza mwisho wake. Nenda nyumbani kwako, kuna mtu huko anangoja matokeo.