Bwana Aliyejenga Mteremkoni

Wapendwa, mahubiri ya leo niliyaandika tangu Jumanne. Haya hapa, kurasa nne. Lakini kila nikiyasoma situlii. Usiku wa kuamkia leo nimekaa kitandani nikayasoma tena, moyo ukakataa kabisa. Basi nimeyaweka kando. Nitawapa mfano mmoja tu, nanyi mnivumilie mpaka mwisho, maana mwisho wake unaniuma mimi kwanza.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye pikapu kuukuu. Sina mtu ninayemlenga, kwa hiyo msianze kugeuka nyuma kutazamana. Pikapu hiyo aliinunua kwenye shamba moja la chai, ilikuwa imetelekezwa nyuma ya ghala na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Akasema, "Hili gari nitalifufua." Na alikuwa mtu wa bidii kweli. Akang'oa kutu yote, akapiga rangi ya kijani, akaweka viti vipya, taa mpya, mbao mpya za kubebea mizigo, akashona na turubai. Kila Jumamosi ungemkuta amelala chali chini ya lile gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Watu wakawa wanakuja kulitazama kama vile wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga.

Kitu kimoja tu kiligoma. Ukigeuza ufunguo unasikia "tk", halafu kimya. Siku za mwanzo alipita fundi mmoja. Akausikiliza huo mlio, wala hakufungua boneti, akasema, "Hiyo stata imekufa, mzee. Na mpya yake siku hizi hupati." Bwana yule akakubali palepale. Tangu siku hiyo, gari likawa la kuwasha kwa mteremko. Mnaujua utaratibu wake: unaliegesha mahali penye mwinuko, unatia jiwe kwenye tairi, na ukitaka kuondoka unatoa jiwe, linaserereka lenyewe, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, linanguruma.

Mke wake akamuuliza, "Baba watoto, hiyo stata si uipeleke tu mjini ikatazamwe?"

"Ya nini? Kwani haliwaki?"

"Linawaka, lakini..."

"Linawaka. Basi."

Ndugu zangu, kuna watu humu ndani wanaishi kwa neno hilo moja. Linawaka, basi. Nyumba ina amani? Mbona tunakula pamoja. Umesameheana na kaka yako? Mbona tunasalimiana msibani. Linawaka!

Sasa tazameni maisha yake yalivyokuwa. Mahali tambarare hathubutu kuzima injini. Akienda sokoni, analiacha linanguruma, ananunua nyanya huku shingo imegeukia nyuma. Akialikwa harusini, anakaa kiti cha mlangoni, anakula wali haraka haraka, hajui hata bibi harusi alivaa nini. Akija kanisani, hapo nje pana mteremko kidogo, lakini siku akikuta wengine wamewahi mteremko, basi mahubiri yote anasikia injini yake tu. Mchungaji anasema "tuombe", yeye anafumbua jicho moja. Na usingizi? Akisikia upepo, anaruka kitandani kwenda kutazama kama jiwe bado lipo kwenye tairi. Mke wake alishazoea kulala na mtu ambaye nusu yake iko nje.

Ikafika mahali hata watu akawa anawachagua kwa mteremko. Shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa anampenda sana, alihamia uwanda wa chini, kule kwenye mashamba ya mpunga. Hakumtembelea tena. Watu wakimuuliza, anasema, "Kule kuna mbu." Mnacheka? Chekeni tu, tutafika.

Bwana huyu alikuwa na mama yake mzazi, mzee, magoti yamechoka, anatembelea fimbo. Mama alikuwa anaishi peke yake kijijini kwao. Na siku zote bwana huyu alikuwa na ahadi moja: nitajenga, na mama atakuja kukaa kwangu. Mama mwenyewe, kwa furaha, akampa kiwanja. Kiwanja kizuri, tambarare kabisa, hatua chache tu kutoka zahanati, na kanisa unaliona. Ungedhani Mungu mwenyewe alikipima kwa ajili ya mwanamke mwenye fimbo.

Bwana yule akaenda kukitazama. Akatembea mwanzo mpaka mwisho. Mnajua alikuwa anatafuta nini? Alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha gari, na hakupaona. Hata mteremko mdogo hakuna. Akarudi nyumbani hana raha. Wiki hiyohiyo akabadilishana na mtu mwingine, akachukua kiwanja cha kilimani, ubavuni mwa kilima hasa. Barabara inapita juu yake, nayo inateremka vizuri sana. Gari litalala pale juu barabarani. Nyumba itakaa chini, na utaishukia kwa ngazi.

Mama akapata habari. Akampigia simu.

"Mwanangu, kile kiwanja nilichokupa kina ubaya gani?"

"Hakina ubaya, mama. Nimefuata hewa. Huku juu hewa ni safi."

Hewa! Akashindwa kusema neno moja tu, stata, kwa mama aliyemzaa. Mama Luvanda, naomba usimtazame mumeo, nasema na watu wote.

Akajenga. Kujenga ubavuni mwa kilima si mchezo: upande mmoja unachimba mpaka unakutana na mwamba, upande wa pili unainua msingi kwa mawe mpaka unapita kichwa cha mtu. Kila jiwe lilibebwa na ile pikapu. Jua likichomoza anaserereka kwenda machimboni, mchana anarudi na mzigo, hajala, hajakaa. Akichoka anajiambia nitapumzika nyumba ikiisha. Nyumba ikaisha. Ngazi kumi na tisa kutoka barabarani mpaka mlangoni. Chumba cha mama akakipa dirisha kubwa kuliko yote, akatandika kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Alimpenda mama yake, msije mkadhani hakumpenda. Shida yake haikuwa upendo.

Siku ya kumchukua mama ikafika. Kijijini kwao ni tambarare. Akaingia uani na gari linanguruma, naye hawezi kushuka, maana siku hiyo injini inasitasita, akitoa mguu kwenye mafuta linazimika. Majirani walikuwa wamekusanyika, wamepika chai, mtu mmoja amesimama aombe. Mama anataka kuagana na watu alioishi nao miaka hamsini. Anataka kwenda kusimama kidogo kwenye kaburi la mume wake. Na mwanawe yuko kwenye usukani anapiga honi.

"Mama, panda twende!"

"Zima gari, baba, uje tunywe chai na watu."

"Siwezi kuzima, mama! Panda!"

Majirani wakamnyanyua, wakamweka kwenye kiti. Maombi yakakatikia katikati. Walipofika njia panda, mama akamgeukia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi umekuja kunichukua, au umekuja kuniiba?" Bwana yule akakanyaga mafuta.

Wakafika. Akaegesha, akatia jiwe, hatimaye akazima. Akamshika mama mkono kwa fahari, "Mama, ona nyumba yako." Mama akatazama chini, akaziona zile ngazi. Akashuka moja. Akashuka ya pili. Ya sita magoti yakakataa, akaketi palepale kwenye saruji, hawezi kushuka na hawezi kupanda. Ikabidi abebwe mgongoni. Siku hiyo aliingia kwenye chumba chake, na kwa majuma matatu hakutoka. Kanisani hakwenda. Jirani hakumwona. Alikuwa na dirisha kubwa, na kwenye dirisha anaona ngazi.

Juma la tatu akaja fundi wa kuvuta umeme ndani ya nyumba. Alipomaliza chumba cha mama, akapanda juu barabarani, akamkuta bwana yule anajiandaa kutoa jiwe.

"Kwani hili halipigi stata?"

"Stata ilikufa, miaka sita sasa."

"Nani aliifungua?"

"Hakuna aliyeifungua. Fundi aliisikiliza tu."

Fundi akafungua boneti. Akainama. Palikuwa na waya mmoja mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini, na kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu. Akakifungua kwa spana, akakisugua kwa msasa, akasugua na pale kinapofungwa, akakaza. Akanawa mikono. Chai aliyoandaliwa ilikuwa bado ya moto. Akasema, "Geuza ufunguo."

Bwana yule akageuza. Gari likawaka.

Akalizima. Akaliwasha. Akalizima, akaliwasha tena, anacheka kama mtoto, jasho linamtoka. Mama alikuwa dirishani, anasikia. Akaita kutoka kule chini, "Mwanangu! Kumbe lilikuwa linawaka?"

Hapo kicheko kikamwisha. Akatazama gari lake, sasa zima kabisa. Akatazama nyumba. Yale mawe yote, ule msingi, zile ngazi kumi na tisa, dirisha, kitanda. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza, akalia kwa sauti mbele ya fundi. Maana gari limepona, lakini nyumba haihamishiki. Na kile kiwanja tambarare, yule mtu mwingine ameshajenga, ameezeka, anakaa.

Juma lililofuata mama akaomba apelekwe kwa binti yake, kule uwandani kwenye mashamba ya mpunga. Akabebwa tena mgongoni mpaka juu. Hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomvunja kabisa. Mpaka leo kile chumba hakina mtu.

Wapendwa, sisi tuna ubovu mdogo. Naomba mnielewe, nimesema mdogo. Neno moja tulilotakiwa kusema, hatukulisema. Aibu moja. Mtu mmoja aliyetuambia kwamba haiwezekani tena, bila hata kufungua boneti, nasi tukaamini. Ubovu wenyewe ungechukua muda wa kikombe cha chai. Lakini sisi hatuutengenezi. Tunauzunguka. Tunabadilisha njia, tunabadilisha marafiki, tunabadilisha viwanja, tunajenga nyumba nzima kwa mawe na jasho ili tu ule ubovu upate mahali pa kukaa. Halafu tunajiuliza kwa nini hatupumziki! Utapumzikaje wakati hujawahi kuzima injini? Na watu tuliokuwa tunawajengea, mke, mama, watoto, wanashindwa kushuka kuja tulipo.

Nami nisiwadanganye. Nilisema mwisho unaniuma mimi.

Mnakumbuka nilivyoigawa jumuiya ya Darajani ikawa jumuiya mbili? Nilisimama hapahapa nikasema watu wamekuwa wengi. Hawakuwa wengi, ndugu zangu. Hata ishirini hawakufika. Mnakumbuka ibada ya katikati ya juma nilivyoihamisha kutoka Jumatano? Nilisema ni kwa ajili ya wakulima. Hakuna mkulima aliyeniomba. Mzee Mbwilo alikuwa wa Darajani, na ndiye alikuwa anaongoza Jumatano. Miaka miwili iliyopita, kwenye kikao, mbele ya wazee wote, nilimwita mwongo. Juma lilelile nikagundua alisema kweli. Nilitakiwa kwenda kwake siku hiyohiyo. Sikwenda. Nikagawa jumuiya. Nikahamisha ibada. Nikapanga ratiba ya kutembelea nyumba, nyumba zote, isipokuwa za njia moja, njia ya kwake. Mmefuata ratiba yangu miaka miwili mkidhani ni hekima ya kichungaji.

Na Mzee Mbwilo, aliyewafundisha nusu yenu kuimba, anasali peke yake nyumbani kwake. Juzi nimesikia kwamba anauliza watu kama bado tunaimba zile nyimbo zake.

Sitasema nitakwenda kesho, najifahamu. Mzee Sanga, njoo hapa mbele, utafunga ibada wewe. Sadaka mtatoa, matangazo mtasoma, mlangoni leo sitakuwepo kuwashika mikono. Mwenye mtu wake wa kupatana naye, aondoke sasa, nami sitamhesabu kuwa amekatisha ibada.

Mama Luvanda, anzisha wimbo mmojawapo wa Mzee Mbwilo, wowote ule, na mwimbe kwa nguvu. Nyumba yake haiko mbali, na nataka ausikie kabla sijabisha hodi.