Dakika Ishirini na Tano za Songea

“Mdomo wa kuazima hausemi njaa.” Mzee Komba, fundi mstaafu wa ndege, aliyatamka hayo wajukuu wake walipolalamika kwamba kiranja wa chakula, aliyeteuliwa na mwalimu wa zamu, hajawahi kuona mdudu hata mmoja katika maharage ya shule. Walipomwuliza maneno hayo yametoka wapi, alifuta miwani polepole kama mtu anayejiandaa kuhubiri, akasema chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na kampuni ndogo ya ndege yenye marubani kumi na tisa, makao yake Mwanza. Mmoja wao, Kapteni Luambano, alikuwa na mke na binti Songea. Kila Jumanne alitua huko kwa dakika ishirini na tano, na kanuni ilimkataza kapteni kuiacha ndege. Basi mkewe, Rozina, alimleta mtoto kwenye uzio wa waya, na Luambano akapunga mkono dirishani. Mtoto alipoambiwa shuleni amchore baba yake, alichora dirisha na mkono. Mwalimu alimpa nane kwa kumi, kwa kuwa mkono ulikuwa na vidole sita.

Luambano alitaka kitu kimoja tu: kuhamishiwa Songea, kampuni itakapoweka rubani huko. Alale kwake, amsikie mwanawe akikohoa chumba cha pili.

Wakati huo marubani walisemewa na Kamati, iliyoteuliwa na mkurugenzi. Mwenyekiti wake, Kapteni Kihwele, alikunywa chai na mkurugenzi kila mwezi, na kila mara alirudi na habari njema za chai. Ndipo rubani mmoja, Tekla, akashauri wajiunge na chama cha wafanyakazi: wasemaji wapigiwe kura, na mkataba uandike kwamba aliyetumikia miaka mingi ndiye wa kwanza kuchagua kituo. Luambano alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini. Hakuna aliyemzidi.

Siku moja kabla ya kura, Kihwele alimvuta pembeni.

“Mdogo wangu, chama ni kelele. Songea nimeshakusemea. Tulia tu, usiniharibie.”

Luambano akatulia, akapiga kura ya hapana. Chama kikashindwa, kura tisa kwa kumi.

Wiki tatu baadaye tangazo lilibandikwa: nafasi ya Songea amepewa rubani mwenye miaka miwili kazini. Luambano alimkuta Kihwele katika chumba cha marubani, anakoroga sukari.

“Kaka, ulimwambia nini mkurugenzi?”

“Kwamba marubani wako salama na wana furaha.”

“Na habari yangu?”

“Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Ila siku ile alikuwa amechangamka, nikaona nisimuudhi.”

“Akiudhika anakufanya nini?”

Kihwele alikiweka kijiko chini. “Ananitoa kwenye Kamati. Si ndiye aliyeniweka?”

Luambano hakugombana naye. Alitoka, akamtafuta Tekla, akaomba fomu ya chama. Tekla alimpa bila kumcheka, jambo lililomuuma zaidi. Kura nyingine isingepigwa mpaka mwaka upite.

Jumanne iliyofuata, ndege ikiwa Songea, Komba alikuwa akikagua tairi chini ya dirisha la rubani. Alimsikia Luambano akizungumza kwa simu na Rozina, aliyesimama ng'ambo ya uzio, hatua mia moja tu.

“Si ulisema Kihwele amekusemea?” Rozina aliuliza, na simu ilikuwa na sauti kubwa.

“Mdomo wenyewe ni wa mkurugenzi, mke wangu. Mimi nilikwenda kuuazima.”

“Kwa hiyo mwaka mzima tena.”

“Mwaka mzima.”

Kisha Rozina akasema, “Mtoto anauliza kama leo unashuka.”

Luambano alitoa mkono dirishani, hakuupunga, aliuacha tu hapo nje.

“Mwambie baba yake alikosea,” alisema. “Mwambie mdomo wa kuazima hausemi njaa.”